Sura ya Tano: Njia Isiyo na Mhubiri

Wengi wetu hatukuichagua dini yetu. Tuliadhiniwa sikioni siku ya kuzaliwa, au tulibebwa kwenda kubatizwa kabla hatujaweza kutamka majina yetu. Tulipopata akili, dini tuliikuta nyumbani, pamoja na vyakula vyake, mavazi yake, sikukuu zake na namna yake ya kuzika. Kwetu, mtu akibadili dini, watu huijua sababu: ndoa, mahubiri ya uwanjani, rafiki wa shuleni, au ugonjwa ulioombewa ukapona.

Sasa mtazame mtu mwingine. Anaishi Bristol, Reykjavík au Chicago. Hakuna aliyemhubiria, wala aliyemgongea mlango na vijitabu mkononi. Wazazi wake huenda kanisani Krismasi na Pasaka tu, au hawaendi kabisa. Hata hivyo, akiwa na miaka ishirini na ushei, au hata hamsini, anaanza kuwasha mshumaa usiku wa mwezi mpevu, kumimina kinywaji ardhini kwa ajili ya miungu ya kale ya Ulaya, na kuhesabu mwaka wake kwa misimu. Akiulizwa dini yake, anajibu bila kuinamisha kichwa: mimi ni mpagani.

Watu wa namna hii wanaongezeka. Sensa ya England na Wales ya mwaka 2021 ilipata watu 74,000 waliojiandika wapagani. Miaka kumi kabla ya hapo walikuwa 57,000. Wengine 13,000 waliandika Wicca. Walioandika ushamani, njia ya waganga wanaowasiliana na roho, walipanda kutoka 650 hadi 8,000. Fomu ya sensa haikuwa na kisanduku cha upagani cha kutia alama. Kila mmoja wao alilitafuta neno hilo na kuliandika mwenyewe kwenye nafasi ya dini nyingine.

Wamefikaje huko bila mhubiri? Hoja ya sura hii ni kwamba mpagani wa leo hutenda kwanza, na imani humfuata nyuma. Njia aliyoichagua huwa dini kweli siku inapoanza kumdai kitu.

Jamaa moja, nyumba nyingi

Upagani wa leo ni jamaa ya dini kadhaa. Wicca ilitangazwa Uingereza katika miaka ya 1950, na inamheshimu Mungu wa kike pamoja na Mungu wa kiume mwenye pembe. Udruidi unajinasibu na makuhani wa Waselti wa kale, na moyo wake ni ushairi, miti na mawe ya kale. Ásatrú ni dini ya Thor, Odin na Freyja, iliyofufuliwa Iceland na kuenea Skandinavia na Marekani. Lithuania wana Romuva, na Ugiriki kuna wanaowaabudu tena Zeu na Athena. Kando ya hao wapo maelfu wasiofuata jina lolote, kila mmoja na madhabahu yake ndogo juu ya kabati la chumbani.

Nyumba hizi hazina kitabu kimoja, wala nabii mmoja, wala makao makuu. Zinachoshiriki ni wazo kwamba dunia yenyewe ni takatifu, kwamba uungu una sura nyingi, na kwamba ibada hufuata mwendo wa jua na mwezi. Wafuasi wengi wa Wicca na Udruidi huadhimisha sikukuu nane za mwaka: siku mbili ambazo jua limefika ukomo wake, siku mbili ambazo usiku na mchana hulingana, na nne za katikati, ikiwemo Samhain ya tarehe 31 Oktoba, usiku wa kuwakumbuka wafu. Mpangilio huo wa sikukuu nane uliwekwa sawa katika miaka ya 1950, na mkono mkubwa ulikuwa wa watu wawili: Gerald Gardner wa Wicca na Ross Nichols wa Udruidi.

Jambo jingine wanaloshiriki ni kutotafuta wafuasi. Wengi wao huona ni aibu kumvuta mtu. Anayetaka na aje mwenyewe, tena akija atasubirishwa.

Barua ya Doreen Valiente

Kisa kinachoonyesha safari hii kwa uwazi kuliko vingine ni cha Doreen Valiente, aliyezaliwa London mwaka 1922. Alikuwa mwanamke wa kawaida, wa nyumba ya kawaida, aliyevutwa na mambo ya ghaibu tangu utotoni na kusoma kila alichopata juu yake.

Mwaka 1951 Bunge la Uingereza lilikuwa limeifuta Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735. Mwaka uliofuata, gazeti la picha liitwalo Illustrated lilichapisha makala kuhusu jumba la makumbusho katika Kisiwa cha Man, na ndani yake mlitajwa watu waliodai kwamba dini ya kale ya vijijini ilikuwa bado hai Uingereza. Valiente aliisoma akiwa Bournemouth. Alichofanya baadaye ndicho walichofanya wengi waliomfuata: aliketi, akaandika barua. Mwenye makumbusho akamwelekeza kwa Gerald Gardner.

Gardner alikuwa mzee aliyestaafu. Miaka yake ya kazi aliitumia Ceylon, Borneo na Malaya, kwanza mashambani na kisha kama afisa wa forodha, na alikuwa ameandika kitabu kuhusu visu na silaha za Wamalayi. Alisema kwamba mwaka 1939 aliingizwa katika kikundi cha siri karibu na New Forest, kusini mwa England, kilichorithi dini iliyokuwapo kabla ya Ukristo. Alikutana na Valiente nyumbani kwa mwanamke mmoja rafiki yake, akampa asome riwaya aliyoitunga, ili aone kama ibada zilizoelezwa humo zingemtisha. Hazikumtisha. Katikati ya kiangazi cha mwaka 1953 akamwingiza rasmi.

Kwa wengi kisa kingeishia hapo: mtu alitafuta, akapata. Uzito wake uko katika yaliyofuata. Valiente alikuwa msomaji mzuri. Alipopewa daftari la ibada, aligundua kwamba sehemu zake kubwa zilinukuliwa kutoka kwa Aleister Crowley, mwandishi wa mambo ya siri aliyekuwa na sifa mbaya. Akamkabili Gardner. Mzee akamjibu kwamba kama anaweza kuandika vizuri zaidi, aandike. Akaandika. Maneno mazuri ya ibada za Wicca yanayosomwa hadi leo, mengi ni kazi ya kalamu yake.

Huyu basi ni mtu aliyejua, karibu tangu mwanzo, kwamba dini aliyoingia haikuwa na umri iliodaiwa kuwa nao. Alibaki. Mwaka 1957 aliondoka kwenye kikundi cha Gardner kwa sababu nyingine: mzee alipenda mno magazeti, na alitoa kanuni alizosema ni za kale, mojawapo ikimtaka kuhani mwanamke ampishe aliye kijana zaidi uzee ukimjia. Valiente alikataa kanuni, hakukataa njia. Aliendelea kufanya ibada, kutafiti na kuandika mpaka alipofariki mwaka 1999. Mwaka 2013 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa kwenye jengo la ghorofa alimoishi Brighton.

Waliofika nyumbani

Mwaka 1979 mwandishi wa habari wa redio wa New York, Margot Adler, alichapisha kitabu chake Drawing Down the Moon baada ya kuzunguka Marekani akiwahoji wapagani. Aliwauliza walivyoingia, akakuta hawapendi kusema waliongoka. Hawakuwa na hadithi ya usiku wa kutubu na asubuhi ya kuokoka. Wengi walimweleza jambo moja: siku waliposoma kitabu fulani, au kuingia katika duara la ibada kwa mara ya kwanza, walihisi wamefika nyumbani. Walikuwa hivi siku zote, walisema. Kilichokosekana ni jina na wenzao.

Adler aliijua hali hiyo kwa nafsi yake. Alikuwa mjukuu wa Alfred Adler, mwanasaikolojia maarufu wa Vienna, akalelewa katika nyumba isiyoshika dini. Shuleni, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, alifundishwa habari za Ugiriki ya kale, akawapenda Artemi na Athena kwa mapenzi ambayo hakumwambia mtu. Alipokuwa mtu mzima alipata kanda ya ibada iliyorekodiwa na kikundi kimoja cha Essex, Uingereza. Aliposikia maneno ya kumwita Mungu wa kike, alielewa kwamba kile alichokitamani utotoni kilikuwa kinaruhusiwa.

Watafiti waliokuja baadaye wameichunguza kauli hii ya kufika nyumbani kwa makini, na wana haki. Mtu akishajiunga na kundi, hujifunza pia namna kundi linavyosimulia maisha. Mlokole mpya huanza kuyaona maisha yake ya zamani kuwa giza. Mpagani mpya huanza kuyaona ya kwake kuwa ishara zilizokuwa zikimwongoza: ule mti aliozoea kuupanda, ule mwezi aliokuwa akizungumza nao. Kumbukumbu ni za kweli, lakini mpangilio wake ni mpya.

Hilo haliifanyi kauli yao kuwa ya uongo. Linatuambia kwamba utambuzi peke yake hautoshi kueleza uchaguzi. Watoto wengi walizipenda hadithi za Wagiriki, na wachache tu miongoni mwao wamejenga madhabahu. Kuna kitu hutokea kati ya kupenda na kuabudu.

Mkono hutangulia

Kitu hicho ni matendo. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann aliishi London miongoni mwa watu waliofanya ibada za Wicca na sihiri. Walikuwa watu wa tabaka la kati, waliosoma, wenye ajira, na aliingia katika vikundi vyao na kushiriki. Swali lake lilikuwa: mtu mwenye akili timamu hufikaje kuamini haya? Kitabu chake cha mwaka 1989, Persuasions of the Witch's Craft, kilijibu kwamba hafiki kwa hoja. Huchukuliwa na mkondo polepole. Kwanza anajaribu ibada kama zoezi. Kisha anajifunza msamiati. Kisha anaanza kuona mambo ambayo zamani asingeyaona: ndoto, sadfa, badiliko la hali ya hewa siku ya tambiko. Mwili unahisi, mawazo yanatulia. Mwisho kabisa ndipo hutafuta sababu za kujieleza mwenyewe kwa nini sasa anaamini.

Ili kuelewa, tuingie katika ibada moja ya Wicca. Mara nyingi ni sebuleni. Makochi yamesukumwa ukutani, simu zimezimwa, pazia limeshushwa. Katikati kuna meza ndogo yenye mishumaa, kikombe cha divai, sahani ya mikate midogo, bakuli la maji, chumvi na kisu chenye mpini mweusi ambacho hakikati kitu chochote cha kawaida. Kuhani anachovya ncha ya kisu katika maji, kisha katika chumvi, anavichanganya, na mmoja anazunguka akinyunyiza. Mwingine anamfuata na ubani. Kuhani anachora duara hewani kwa kisu, kwa desturi futi tisa upana. Wanageukia mashariki na kuita hewa, kusini moto, magharibi maji, kaskazini ardhi. Kisha wanamwita Mungu wa kike na Mungu wa kiume. Wanafanya lililowakusanya, labda kumwombea mgonjwa, labda kuukaribisha msimu. Mwishoni kisu kinateremshwa ndani ya kikombe, divai inabarikiwa, kikombe kinazunguka mkono kwa mkono, na mikate inaliwa. Pande nne zinaagwa, duara linafungwa, makochi yanarudi mahali pake.

Mgeni wa mara ya kwanza haulizwi kama anaamini. Anaambiwa ashike wapi, ageukie wapi, aitikie lini. Msomaji anayejua ngoma za pepo za pwani yetu atautambua utaratibu huu: ubani, mduara, wito, chakula cha pamoja. Hata huko mgonjwa hatakiwi kwanza athibitishe kwamba pepo yupo. Anakaa, ngoma inapigwa, na mwili unajibu.

Ndiyo maana wapagani wengi, ukiwauliza wanaamini nini, hujibu kwa kueleza wanachofanya. Mmoja atakwambia miungu ni watu hai wenye nafsi zao, mwingine atasema ni sura za nguvu moja, wa tatu atasema ni lugha ya moyo wa binadamu. Watatu hao wanaweza kusimama katika duara moja kwa miaka ishirini bila kugombana.

Njia panda

Kwa nini basi mmoja aende Wicca, mwingine Udruidi, mwingine Ásatrú? Mara nyingi huamuliwa na kile anachotamani kuunganishwa nacho.

Wako wanaotafuta uungu wenye sura ya mwanamke. Tarehe 31 Oktoba 1979, siku ileile kilipotoka kitabu cha Adler, Starhawk wa California alitoa The Spiral Dance, kitabu kilichounganisha Wicca na harakati za wanawake. Wanawake waliochoka kusali kwa lugha ya Baba na Mwana walikipokea, na wengi walifanya ibada yao ya kwanza wakiwa wamekishika mkononi.

Wako wanaotafuta ardhi. Udruidi huwavuta hawa: wapenzi wa misitu, waliochoshwa na mji, wanaotaka kusimama kwenye mawe ya kale ya Stonehenge jua likichomoza katika siku ndefu kuliko zote za mwaka. Shirika la Order of Bards, Ovates and Druids, lililoanzishwa na Ross Nichols mwaka 1964, huwafundisha kwa masomo ya posta yenye ngazi tatu, ya kwanza ikiwa ya washairi. Mwaka 2010 shirika jingine, The Druid Network, lilisajiliwa na mamlaka ya mashirika ya hisani ya England na Wales kama taasisi ya dini.

Na wako wanaotafuta wahenga. Iceland ilipokea Ukristo mnamo mwaka 1000, kwa uamuzi wa baraza lao la Alþingi. Mwaka 1972, siku ambayo Waiceland huihesabu kuwa ya kwanza ya kiangazi, kikundi kidogo kilianzisha chama cha Ásatrúarfélagið, na mkuu wake akawa Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima na mshairi mwenye ndevu ndefu. Viongozi wa kanisa walipinga. Sveinbjörn na mwenzake walikwenda kwa waziri mhusika kudai kutambuliwa, na inasimuliwa hadi leo kwamba muda mfupi baada ya kuondoka kwao radi ilipiga na umeme ukakatika mjini. Mwaka 1973 chama kilitambuliwa. Leo kina wanachama zaidi ya 5,000 katika nchi yenye watu wasiofika 400,000.

Sababu moja iko katika lugha. Mwiceland wa kawaida anaweza kusoma mashairi ya kale ya miungu, yaliyoandikwa katika karne ya 13, bila kumhitaji mfasiri. Miungu hiyo aliikuta shuleni, katika majina ya watu na ya milima. Akienda kwenye karamu ya tambiko lao, anakuta moto, mashairi yakisomwa, na pembe ya kinywaji ikipita mkono kwa mkono huku kila mmoja akitamka anayetaka kumheshimu. Hawachinji mnyama wa kafara. Kujiunga hakuhitaji kiapo: unajaza fomu ya msajili wa taifa, basi.

Lithuania safari ilikuwa na gharama. Nchi hiyo ilikuwa ya mwisho barani Ulaya kuacha rasmi dini ya jadi, mwaka 1387. Chini ya utawala wa Kisovieti, Jonas Trinkūnas na wenzake walianza kukusanya nyimbo za vijijini, na mwaka 1967 wakaadhimisha hadharani sikukuu ya katikati ya kiangazi huko Kernavė. Mwaka 1973 Trinkūnas alifukuzwa Chuo Kikuu cha Vilnius. Nchi ilipopata uhuru, harakati ile ya nyimbo ilizaa Romuva, iliyosajiliwa kama dini mwaka 1992. Bunge lilipowanyima daraja la dini inayotambuliwa na dola, walikwenda Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2021 wakashinda. Sisi tuliolelewa na methali kwamba mwacha asili ni mtumwa tunaweza kuelewa kwa nini watu waliotawaliwa waliziimba nyimbo za nyanya zao kwanza, kisha wakajikuta wanawasalimu miungu waliotajwa humo.

Mwaka mmoja na siku moja

Uhuru wa kuchagua haumaanishi urahisi wa kupokelewa. Katika Wicca ya kikundi, desturi ni kwamba anayeomba kuingizwa husubiri mwaka mmoja na siku moja. Muda huo anajifunza sikukuu, vifaa, mimea, namna ya kutuliza mawazo, na zaidi ya yote anajifunza watu. Kikundi nacho kinamsoma: anakuja kwa wakati? Anatunza siri ya mwenzake? Anatafuta dini, au anatafuta nguvu ya kumkomoa mtu? Baada ya kuingizwa kuna ngazi tatu, na kila moja ina miaka yake.

Wengi hata hivyo hawapiti huko. Mwaka 1988 Scott Cunningham wa California alichapisha kitabu cha Wicca kwa mtu afanyaye peke yake, na kikabadili mambo. Utafiti wa Helen Berger miongoni mwa wapagani wa Marekani uligundua kwamba katika miaka ya 1990 waliofanya peke yao walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Miaka kama kumi na tano baadaye walikuwa karibu wanane katika kila kumi. Filamu ya The Craft ya mwaka 1996 na tamthilia za televisheni zilizofuata ziliwapeleka vijana wengi madukani kutafuta vitabu. Berger na Douglas Ezzy, waliowahoji vijana hao Marekani, Uingereza na Australia, walikuta kwamba filamu iliwafungulia mlango, lakini haikuwabakiza. Waliobaki ni wale walioendelea kusoma na kutenda. Vikundi vingi vya Wicca havimpokei aliye chini ya miaka 18, kwa sababu za sheria na kwa sababu za busara.

Anayefanya peke yake ana uhuru, na ana hatari ya kuchagua tu yale yanayompendeza: mungu asiyemkemea, sikukuu isiyomsumbua, tambiko linaloahirishwa kila mvua ikinyesha. Walio wakomavu miongoni mwao huijua hatari hiyo, hujiwekea ratiba na huishika hata siku wasipojisikia.

Swali la damu

Kuna jambo ambalo mwandishi wa haki hawezi kulipita. Njia ya wahenga ina tawi lenye sumu. Huko Marekani na Ulaya wako wanaodai kwamba miungu ya kaskazini ni ya weupe peke yao na huitwa kwa damu tu. Wanatumia alama za kale zilizowahi kuchafuliwa na Wanazi, na wengine wamezichafua upya.

Wapagani wengi wanawakataa hadharani. Ásatrúarfélagið imesema wazi kwamba haina uhusiano na mawazo ya ubaguzi. Mwaka 2016 makundi mengi ya dini hiyo yalitia saini tamko lililojulikana kama Declaration 127, yakijitenga na shirika moja la Marekani lililofuata siasa hiyo ya damu. Anayechagua njia ya wahenga lazima ajiulize anaitafuta kwa sababu gani: kuwaheshimu waliomtangulia, au kuwadharau walio pembeni yake. Jibu la swali hilo humtenganisha mcha Mungu na mwenye chuki, katika dini yoyote.

Kipimo

Mwaka 1999, mwaka aliofariki Valiente, mwanahistoria Ronald Hutton wa Bristol alichapisha The Triumph of the Moon. Alionyesha kwa ushahidi kwamba Wicca haikurithiwa moja kwa moja kutoka zama za kale. Ni dini mpya, iliyotengenezwa kwa malighafi ya zamani na ya karibuni. Wengine walidhani kitabu hicho kingewatawanya. Wafuasi wengi wa Wicca walikisoma, wakakubali historia yao, na sikukuu iliyofuata wakakusanyika. Mtu aliyeingia kwa sababu ya matendo hatolewi na tarehe.

Sisi tuna sababu ya kulisoma jambo hili kwa uangalifu. Wafuasi wa Wicca wamejichukulia jina la wachawi, ambalo kwetu huua. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria za uchawi Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, na sheria hizo ziliendelea kuwepo hata baada ya Waingereza kuifuta ya kwao na baada yetu kujitawala. Msomaji akisikia kwamba mwalimu mmoja wa shule huko England anajiita hivyo, asimtie katika kapu moja na anayedaiwa kuroga. Maadili ya Wicca huanza na sharti la kutomdhuru mtu.

Na kwa wafuasi wake, njia hiyo si jambo dogo. Mwaka 2005 askari wa Nevada aliyekuwa mfuasi wa Wicca aliuawa Afghanistan. Serikali ya Marekani ilikuwa na orodha ya alama za dini zinazoruhusiwa kwenye makaburi ya askari, na nyota ya dini yake, yenye pembe tano ndani ya duara, haikuwemo. Mjane wake na wenzao walipigania jambo hilo hadi mahakamani, na Aprili 2007 serikali ikakubali. Hakuna anayepigana kiasi hicho kwa ajili ya mchezo wa kujifurahisha.

Ukikutana na mtu aliyeichagua dini yake akiwa mtu mzima, usimpime kwa umri wa dini hiyo wala kwa ugeni wa majina ya miungu wake. Muulize imemdai nini: asubuhi ngapi za baridi, tabia gani aliyoiacha, jirani gani aliyemhudumia, ukweli gani mchungu aliokubali kuusoma. Kisha, kwa heshima ileile, lijibu swali hilo kuhusu dini uliyorithi. Aliyerithi na aliyechagua wanadaiwa kitu kimoja: kuishi wanayoyatamka.